Mtoto wa Kulea na Karatasi Zake: Mwongozo Kamili wa Kafala na Kuasili Unguja na Pemba

Pemba huwezi kupita mitaa mitatu bila ya kukuta nyumba yenye mtoto wa kulea. Mjukuu yuko kwa bibi yake Konde, mpwa kapelekwa kwa mjomba Wete asome, mtoto wa marehemu kachukuliwa na ami yake Kengeja tangu msiba ulipokwisha. Unguja ni hivyo hivyo. Ni jambo jema, la zamani, na wengi wetu tumelelewa na watu wasiotuzaa. Tatizo huanza siku karatasi inapotakiwa. Daktari anataka saini ya mzazi kabla ya upasuaji. Uhamiaji wanataka idhini ya wazazi ndipo mtoto apate pasipoti. Mlezi anafariki, na binti aliyemuuguza mpaka pumzi ya mwisho anaambiwa na warithi akusanye nguo zake aondoke.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kumchukua mtoto, na pia kwa aliyemchukua zamani bila ya kuandikiana na mtu. Yote nitakayoyaeleza yanasimama juu ya mambo mawili: andikisha malezi mapema, wakati wanaojua habari za mtoto bado wako hai, na usimfutie mtoto asili yake.

Hatua ya kwanza: jua unaomba nini

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2011. Mtoto, kwa sheria hiyo, ni kila aliye chini ya miaka 18. Ni sheria ya kujivunia: mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa ya Future Policy Award, iliyotolewa mwaka huo kwa sera na sheria bora za haki za watoto. Kwa mtoto aliyekosa malezi ya wazazi wake, sheria inatambua njia kadhaa, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya.

Iko malezi ya muda. Mtoto anawekwa kwa familia nyingine mpaka hali ya kwao itulie: mama amelazwa, baba yuko gerezani, au uchunguzi wa polisi haujaisha. Mlezi wa muda hamiliki uamuzi wowote mkubwa juu ya mtoto, na lazima awe tayari kumrejesha.

Iko kafala. Hapa mlezi anajifunga kumlisha, kumvisha, kumsomesha, kumtibu na kumlinda mtoto kama anavyowafanyia wanawe, lakini nasaba ya mtoto haiguswi. Jina la babaake linabaki. Haki yake ya kurithi kwa wazazi wake wa damu inabaki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20, kwa hiyo asije mtu akakwambia kuwa ni mpango wa mitaani usio na uzito wa kisheria.

Kisha iko kuasili. Kuasili ni kuzito zaidi: amri ya mahkama inahamisha uzazi wa kisheria kutoka kwa wazazi wa mwanzo kwenda kwa wazazi wapya. Familia ya Kikristo, au nyingine isiyofungwa na sharia ya Kiislamu, inaweza kuona kuwa hii ndiyo njia yake.

Kwa familia ya Kiislamu ushauri wangu hauna kigugumizi: omba kafala. Aya ya 4 na ya 5 za Surat Al-Ahzab zimekataza mtoto wa kulea kugeuzwa mwana wa damu na zimeamrisha aitwe kwa jina la babaake. Zayd bin Haritha, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, aya ziliposhuka akarejeshewa jina la Haritha, na mapenzi yao hayakupungua hata chembe. Katazo ni la kubadilisha nasaba, si la kulea. Kulea yatima kuna malipo ambayo kila aliyekaa chuo cha Kurani anayajua: Mtume alionesha vidole viwili, akasema yeye na mlezi wa yatima watakuwa hivyo peponi.

Tahadhari kwa wanaotafuta maelezo kwenye simu. Utakutana na masharti kwamba mwombaji awe na miaka 25, amzidi mtoto kwa miaka 21, awe amekaa na mtoto miezi 6 mfululizo, na mgeni awe ameishi nchini miaka 3. Hayo ni ya Sheria ya Mtoto Nam. 21 ya 2009 ya Tanzania Bara. Mambo ya mtoto si ya Muungano. Kwa mtoto anayeishi Micheweni au Fuoni hutumii fomu za Dodoma, na aliyekuuzia fomu hizo kakuibia.

Kabla hujenda mbali: usimwandikishe kama mwanao wa kumzaa

Naliweka hili mapema kwa sababu ndilo linaloleta maafa makubwa, na wanaolifanya karibu wote wana nia njema. Mke na mume hawakujaaliwa. Dada wa mke kajifungua na hali yake ngumu. Familia inakubaliana mtoto aende kwa khale yake, na ili "kurahisisha mambo" anaandikishwa kuzaliwa kwa majina ya walezi. Cheti kinatoka safi, skuli anakwenda, kila mtu anafurahi.

Miaka ishirini baadaye baba mlezi anafariki. Kwa karatasi, kijana ni mwana wa marehemu. Kwa sharia, si mrithi. Ndugu wa marehemu, waliokuwa wakijua tangu mwanzo, wanakwenda mahkamani kupinga. Kijana anausikia ukweli wa maisha yake kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa wakili wa ami zake, mbele ya watu. Au ni binti, siku ya nikaha inafika, na aliyesimama kuwa walii wake, yaani mwenye haki ya kumuozesha, si walii wake. Na hayo bado hayajagusa upande wa jinai: kutoa maelezo ya uongo katika usajili wa uzazi ni kosa.

Cheti cha mtoto kiandikwe wazazi waliomzaa. Ulezi wako una karatasi yake nyingine, na hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa.

Ikiwa cheti cha uongo kimeshatoka, usiongeze kingine juu yake. Tafuta mwanasheria au msaidizi wa sheria kwanza, kisha mwende pamoja kwenye usajili mkiwa na watu wanaojua ukweli.

Hatua ya pili: kikao cha familia

Ofisi zote utakazopita zitauliza swali hili: nani amekubali? Lijibu kabla hujaulizwa.

Mama na baba wakiwa hai na wanajulikana, wote wawili wanahusika, hata kama wameachana, hata kama baba hajaleta chochote kwa miaka mitatu. Baba aliyetelekeza bado anatafutwa, na juhudi za kumtafuta zinaandikwa: ulimpigia nani, ulituma ujumbe lini, sheha wa kwao (kiongozi wa Serikali wa mtaa) alijibu nini. Mzazi mmoja akiwa amefariki, aliye hai ndiye wa kukubali, na ni busara upande wa marehemu nao ukae kikaoni. Bibi mzaa baba aliyepuuzwa kikaoni ndiye atakayefika mahkamani na pingamizi.

Mama aliyejifungua karibuni mpeni nafasi. Ridhaa ya mwanamke aliye bado kwenye arubaini, ana maumivu, analia usiku na analala nyumba ya watu, si ya kutegemewa. Akisema ndiyo leo, arudi kuulizwa tena akiwa ametulia, peke yake, bila ya mama mkwe pembeni.

Na pesa zisitajwe. Kumsaidia mama mzazi kwa chakula na matibabu ni wema. Kumpa fedha ili atoe mtoto ni kumnunua mtoto, na hilo ni jinai, lipewe jina lolote.

Mtoto naye aulizwe, kwa kadiri ya umri wake. Wa miaka minne atakuonesha kwa vitendo anamkimbilia nani. Wa miaka kumi ana maneno yake, na sheria inataka yasikilizwe. Msichana akinyamaza kila anapotajwa mjomba fulani, nyamazeni nyote, kisha mtafuteni afisa ustawi wa kike azungumze naye.

Hapa nina jambo linaloniuma. Wapo watoto wanaochukuliwa vijijini, wakaahidiwa skuli ya mjini, wakaishia kuosha vyombo na kubeba mtoto wa mwenye nyumba mpaka saa nne za usiku. Hiyo si kafala. Kama unamchukua mtoto kwa sababu unahitaji msaada wa kazi za nyumbani, usitumie mwongozo huu.

Hatua ya tatu: sheha, kisha Ustawi wa Jamii

Anza kwa sheha wa shehia anayoishi mtoto, si yako. Yeye ndiye anayemjua mtoto, wazazi na msiba uliotokea. Mwombe barua inayotaja jina kamili la mtoto, wazazi wake, yuko kwa nani sasa na tangu lini. Halafu nenda kwa sheha wako mwenyewe upate barua ya ukaazi na mwenendo. Ikiwa mtoto yuko Makombeni na wewe unaishi Kwahani, ni masheha wawili na barua mbili, hakuna njia ya mkato.

Barua hizo zipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Huu ndio mlango mkubwa. Ustawi wako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto, na wao ndio watakaochunguza, wataandika ripoti, na watakuelekeza ombi lako lifunguliwe mahkama gani. Wengi huanza kwa kukaa foleni Mahkama ya Kadhi kwa sababu jirani alikwenda huko. Jirani alikuwa akigombania malezi ya mtoto na mume waliyeachana. Hiyo ni kesi ya wazazi wawili. Ya kwako ni ya mtu asiyemzaa mtoto kuomba dhamana juu yake, na bila ya ripoti ya ustawi utarudishwa.

Mtoto aliyeokotwa ana njia tofauti, na hapa haraka ni muhimu. Ukimkuta mtoto ametupwa, kituo cha polisi na hospitali ndiyo safari ya kwanza, na sheha ajulishwe siku hiyo hiyo. Chukua namba ya taarifa ya polisi na uihifadhi. Usimpeleke nyumbani ukakaa naye kimya mpaka azoeane na wewe, hata kama moyo unakwambia hivyo. Mtoto huyo ana haki ya kutafutiwa kwao kwanza, na anaweza kuwekwa kwa familia ya muda au kwenye nyumba ya kulelea watoto, kama ile ya Serikali iliyoko Mazizini, Unguja. Kuwa wewe ndiye uliyemkuta hakukupi haki ya moja kwa moja, ingawa hakukuzuii kuomba.

Ukiona mtoto anateswa mahali na hujui pa kuanzia, piga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, inafanya kazi Bara na Visiwani.

Hatua ya nne: faili lako

Nunua faili gumu, si mfuko wa plastiki. Ndani yake ziwemo nakala mbili za kila kitu, na zile za asili zibaki nyumbani mpaka zitakapoombwa: kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi na cha mwenza wako; cheti cha ndoa, au cha talaka kama umeachwa; cheti cha kuzaliwa cha mtoto; vyeti vya vifo vya wazazi wake kama wamefariki; barua za masheha; ridhaa ya mzazi aliye hai, iliyoapwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha; uthibitisho wa kipato; cheti cha afya cha walezi na cha mtoto; na kwa mtoto aliyeokotwa, taarifa ya polisi.

Wanaokwama zaidi hukwama kwenye vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Mtoto kazaliwa nyumbani, hakuandikishwa. Babaake kafa baharini, hakukukatwa cheti. Hayo yote yanashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliopo kwa Sheria Nam. 3 ya 2018, wenye ofisi wilayani. Uandikishaji uliochelewa unataka ushahidi: kadi ya kliniki, mkunga au jirani aliyekuwapo, barua ya sheha. Fanya hili kabla ya kuanza jengine lolote, kwa sababu mahkama haiwezi kutoa amri juu ya mtoto ambaye kwa karatasi hayupo.

Kipato kisikutishe. Hutakiwi kuwa tajiri. Mvuvi, muuza urojo, mwenye mikarafuu michache na ng'ombe wawili, wote wanaweza kulea. Kinachotakiwa ni kuonesha kuwa mtoto atakula, atavaa, atasoma na atatibiwa, na kuwa wanao uliowazaa hawatanyimwa kwa ajili yake. Mwandikie afisa kwa ukweli: msimu wa karafuu unapata kiasi gani, miezi ya kiangazi unaendeshaje nyumba.

Hatua ya tano: afisa anapokuja nyumbani

Watu hupaka chokaa na kuazima makochi. Acheni. Afisa mzoefu akiingia haangalii makochi.

Atauliza mtoto analala wapi, na atataka kupaona. Akikuta chumba kimoja kinalaza mabinti wakubwa na mvulana wa kulea, ataandika. Ataangalia chandarua kama kina matundu. Ataangalia choo na maji. Atazungumza na watoto wako waliopo wakiwa peke yao, na hapo ndipo ukweli unapotoka: mtoto wa miaka saba atasema bila ya kuzunguka kama mgeni anakula nao sinia moja au anabakishiwa. Atapita kwa jirani wa pili, yule ambaye hukumtaja. Atakuuliza wewe na mwenza wako, kila mmoja kivyake, kwa nini mnamtaka mtoto huyu. Mume akisema "mke wangu anataka" na akanyamaza, hilo ni jibu, na si zuri.

Jambo moja ambalo familia nyingi hazijalifikiria litaulizwa: mkipata mtoto wenu wa kumzaa, huyu atakuwa nani humu ndani? Zungumzeni mapema.

Mkishaanza kuishi na mtoto, ziara zitaendelea. Zichukulieni kama msaada. Afisa anayemjua mtoto wako kwa jina ndiye atakayekusimamia ndugu wakija kumdai.

Hatua ya sita: mahkamani

Ombi linaandikwa, linaambatanishwa na hati ya kiapo, linalipiwa ada na kupewa namba. Kama huna uwezo wa wakili, au wa vakili (mtetezi wa mahkama za chini), nenda kwa watoaji wa msaada wa kisheria. Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018, na wasaidizi wa sheria wamo ndani ya shehia zetu. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwapo tangu 1992 na kina ofisi Unguja na Pemba. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nao huwasaidia wanawake na watoto. Kukuandikia ombi ni kazi yao ya kila siku.

Hati ya kiapo ndiyo roho ya ombi. Iwe fupi, na kila aya ibebe jambo moja unaloweza kulithibitisha. Nionavyo mimi, aya zake ziende hivi:

"Kwamba mtoto ninayemwombea ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na cheti chake cha kuzaliwa nimekiambatanisha.

Kwamba mama wa mtoto yu hai, ameolewa tena na anaishi Tumbe, na ameridhia kwa hiari yake. Hati ya ridhaa yake nimeiambatanisha.

Kwamba mtoto ameishi nyumbani kwangu tangu alipofariki babaake, na anasoma darasa la tatu.

Kwamba siombi kubadilisha jina wala nasaba ya mtoto, bali naomba dhamana ya kumlea, kumsomesha, kumtibu na kumwakilisha mpaka atimize miaka 18.

Kwamba mali aliyoachiwa mtoto na babaake nitaitenga na mali yangu, na nitatoa hesabu yake nitakapotakiwa."

Aya ya mwisho hiyo wengi huiacha. Isiachwe. Yatima wengi wana urithi wao, hata ukiwa ni sehemu ya mikarafuu tu, na hakimu akiona umeitaja mwenyewe anajua anazungumza na mtu wa aina gani.

Siku ya kusikilizwa, vaeni kawaida na mfike mapema. Mashauri ya mtoto hayasikilizwi hadharani. Humo ndani mtakuwa mwombaji, mzazi aliyeridhia, afisa ustawi, na mtoto akihitajika. Mtoto asifundishwe majibu. Hakimu ataisoma ripoti, atauliza kuhusu ridhaa, na kipimo chake ni kimoja, maslahi ya mtoto. Huruma yako kwa ajili ya kukosa mtoto haimo kwenye kipimo hicho, ingawa inaumiza kusikia hivyo.

Amri ikitoka, isome hapo hapo kabla hujaondoka. Angalia tahajia ya majina yote, moja baada ya jengine, ukilinganisha na cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa, Khamis ikawa Hamis, itakurudisha ofisi hiyo mara nyingi. Hakikisha inasema wazi kuwa unaweza kutoa idhini ya matibabu na kuomba nyaraka za safari kwa niaba ya mtoto. Kama haisemi, omba iongezwe wakati faili bado liko mezani. Kisha chukua nakala zilizothibitishwa kwa muhuri, zisipungue tatu.

Hatua ya saba: kuitumia amri

Peleka nakala skuli, mwalimu mkuu aiweke kwenye kumbukumbu za mwanafunzi, na aandike jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti. Peleka kituo cha afya. Ukiwa mwajiriwa, peleka kazini ili ujue mtoto anaingiaje katika orodha ya wategemezi wako kwenye huduma za afya. Ukitaka kusafiri naye nje ya nchi, nenda Uhamiaji mapema, na amri pamoja na ridhaa ya mzazi aliye hai.

Hatua ya nane: yale ambayo amri haiyafanyi

Kwanza, umahram, yaani ukaribu unaozuia kuoana na kuondoa haja ya kujifunika. Amri ya kafala haimfanyi mtoto kuwa mahram wa mlezi. Mvulana akibaleghe, mama aliyemlea tangu kitovu hakijakatika atajikuta anajifunika mbele yake. Dawa yake ni kunyonyesha, kwani ziwa huleta undugu, na ina muda wake: kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili ya Hijria, na kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu, manyonyo matano kamili, mbalimbali. Mama mlezi mwenye maziwa atamnyonyesha mwenyewe. Asiye nayo, tazameni ndugu. Mtoto wa kiume akinyonyeshwa na dada wa mama mlezi, mama mlezi anakuwa khale yake wa ziwa. Mtoto wa kike akinyonyeshwa na dada wa baba mlezi, baba mlezi anakuwa mjomba wake wa ziwa. Wanawe wote wa huyo aliyenyonyesha wanakuwa ndugu zake, hawaoani. Kwa sababu hiyo andikeni: nani alinyonyesha, siku gani, mbele ya nani, na karatasi iingie kwenye lile faili. Jambo lenyewe mlipeleke kwa shekhe mnayemwamini, au Ofisi ya Mufti, mapema, mtoto angali mchanga.

Pili, ndoa ya binti. Walii wake ni wa damu: babaake, babu mzaa baba, kaka, ami, kwa mpangilio wao. Asiyejulikana kwao, Kadhi ndiye walii wake. Mlezi atapanga harusi, atalipa, atalia. Kuozesha kuna mwenyewe.

Tatu, mali. Kafala peke yake haimfanyi mtoto akurithi, wala wewe umrithi. Wanaolichukia hili naomba walitazame upande wa pili: akiwa si mrithi, unaweza kumuusia, jambo ambalo huwezi kumfanyia mwanao wa damu bila ya warithi wenzake kuridhia. Mpaka wa wasia ni theluthi. Ukiacha milioni 30, mazishi na madeni yakachukua milioni 3, zimebaki milioni 27. Wasia wako unaweza kufika milioni 9 bila ya kumuomba ruhusa mtu yeyote. Ukizidi hapo, kilichozidi kinangoja ridhaa ya warithi baada ya kufa kwako, na ridhaa hiyo usiitegemee. Andika wasia kwa mashahidi wawili waadilifu wasiofaidika nao. Mirathi ya Waislamu inashughulikiwa na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Waulize wasia wako uandikwe vipi ili usije ukakataliwa.

Bibi anayelea wajukuu waliofiwa na baba yao, na huku ana watoto wengine wa kiume walio hai, ajue kuwa wajukuu hao nao hawatamrithi, kwa kuwa ami zao wanawazuia. Wasia wa theluthi unawafaa kabisa.

Njia nyengine ni hiba, yaani kumpa mali kama zawadi, ukiwa hai na mzima. Sharti lake zito ni kukabidhi. Ukisema "mikarafuu hii kumi nimempa Fatma", kisha ukaendelea kuichuma na kuuza mwenyewe mpaka ukafa, warithi watasema hukutoa, na wana hoja. Ipokelewe kwa niaba yake, ijulikane kwa sheha na majirani, mavuno yake yaende kwake. Kama shamba ni la eka tatu za Serikali, zile walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, pitia kwanza ofisi ya ardhi, kwani eka hizo zina masharti yake na huwezi kuzigawa utakavyo.

Jambo la mwisho ni mtoto mwenyewe kujua. Mwambie mapema, akiwa mdogo, kwa maneno mepesi: yupo mama aliyekuzaa na yupo mama anayekulea. Mtoto aliyelijua hilo tangu ana miaka mitatu hashtuki akitupiwa neno na watoto wenziwe kisimani. Kama ana kwao panapojulikana, mpeleke, sikukuu mbili za mwaka kwa uchache, awajue nduguze na makaburi ya wazee wake.

Faili lake mpe akitimiza miaka 18, na kabla ya hapo nakala moja iwe kwa mtu wa tatu ambaye si mrithi wako na si ndugu wa mtoto: sheha mstaafu, mwalimu wa chuo, au msaidizi wa sheria aliyekuandikia ombi. Mwambie mtoto jina la mtu huyo na nyumba yake ilipo.